Presha na Gesi, Kiingilio Bure

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mwalimu mkuu ametangaza mstarini kwamba mwanajiolojia wa kisima cha gesi atahudhuria maonyesho yetu ya sayansi, Jumatano ya wiki ijayo. Akiondoka, gari lake litakuwa na nafasi moja. Moja tu! Mwanafunzi atakayeipata atapelekwa kuuona mtambo wa kuchimba, na kushika jiwe lililotolewa kilomita nne chini ya ardhi.

Kilomita nne. Ni kama kutoka nyumbani hadi shuleni na kurudi, ila kwenda chini wima. Nilipoliwaza hilo nikamshika aliyesimama mbele yangu. Akageuka, akauliza kama nimekunywa chai.

Lazima niipate nafasi hiyo. Sura ya gesi katika kitabu cha maktaba nimeisoma mpaka mkutubi ameniuliza kama nimehamia humo na godoro. Na bado nikifika ukurasa ule nywele zinanisimama. Zamani, kabla ya mtu yeyote, palikuwa na tope chini ya bahari. Likazikwa haraka na tope jingine, na jingine, hata maji yaliyokuwa ndani yake yakakosa njia ya kutoka. Juu yake ikapangana miamba. Na maji hayo, MAJI, yakaibeba. Yanaibeba mpaka leo. Na gesi iliyopikwa humo kwa joto la chini imebanwa pamoja nayo, inangoja.

Watu wanawezaje kuendelea na mazungumzo ya kawaida?

Matatizo ni mawili. Kwanza, mwalimu mkuu hataki tena kutoa alama, kwa sababu mwaka jana wazazi nusura washikane mashati. Safari hii mshindi ni mwenye foleni ndefu kuliko wote mbele ya meza yake. Pili, nikitazamwa na watu zaidi ya watatu, sauti hunikauka. Mwaka jana niliihutubia karatasi yangu ya ukutani, wageni nikawapa mgongo.

Matatizo ni matatu. Nimemsahau Mlipuko. Huyu ni mwanafunzi mwenzangu, jina lake la darasani limetokana na volkano ya siki na magadi anayoijenga kila mwaka. Ileile! Hubadilisha rangi tu. Na kila mwaka watu hujaa.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kuonyesha jinsi maji yanavyobeba mlima. Vifaa: sponji mbili za kuogea na mfuko wa plastiki. Sponji iliyolowa ukiikalia, maji hutoka, nayo hubonyea. Hilo ni tope la kawaida. Ya pili imefungwa ndani ya mfuko usiovuja. Ukiikalia, maji hayana pa kwenda. Yanakubeba wewe!

Nilihitaji mlima. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mtu wa mwili. Alikuwa amevaa suruali ya kijivu, anaelekea kwenye duka lake la kuchapa na kunakili. Nikamwomba aukalie mfuko kwa ajili ya sayansi. Akauliza kama sayansi hiyo ina sindano. Nikamwapia kuwa haina. Akakaa.

Akabebwa! Mtu mzima, na tumbo lake, na funguo zake zote za duka, juu ya maji matupu. Nilisahau kupumua. Machozi yalinilengalenga.

Kisha mjomba akacheka. Mfuko ukapasuka.

Hilo nalo limo kitabuni. Mtikisiko mdogo hufungua ufa, na presha ya miaka na miaka hutoroka mara moja. Nilimweleza hivyo akiwa amesimama, suruali imelowa nyuma. Akasema maelezo ya namna hiyo hutolewa kabla, mpwa wangu, si baada. Ameenda kazini akijiziba kwa gazeti.

Alhamisi, 6 Machi

Foleni ndefu inahitaji tangazo. Nimeliandika. Kichwa chake: MAMBO YA KIJIOLOJIA YANAYOTAWALA UKUSANYIKAJI WA GESI ASILIA KATIKA HIFADHI ZENYE SHINIKIZO LA KUPITA KIASI. Nikalisoma kwa sauti jikoni. Bibi akaitikia amina.

Nikalipeleka kwa mjomba alichape. Akasema hili si tangazo, hii ni adhabu. Maneno hayo hayaenei kwenye karatasi, na yakienea kwenye karatasi hayaenei kwenye pumzi. Akauliza shinikizo ndio mdudu gani. Nikamwambia ni msukumo wa kitu kilichobanwa. Akasema kumbe presha, basi sema presha, umzungushe mtu ya nini?

Kweli kabisa! Neno fupi. Kila mtu analo nyumbani kwake. Nilijionea aibu kwa kutoliwaza. Tukalifupisha pamoja, na haya ndiyo matokeo:

PRESHA NA GESI! Zinatoka wapi? Kwa nini zinapanda? Zikifungiwa ndani kuna hatari gani? Njoo uelezwe kwa lugha nyepesi. Jumatano, ukumbi wa shule. Kiingilio bure.

Mjomba alilisoma tena, akanitazama kwa pembe ya jicho, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kila neno ni la kweli kisayansi. Akasema haya, yangu macho. Akabonyeza mashine.

Ijumaa, 7 Machi

Mlipuko ameyabandika matangazo yake kwenye geti la shule na uwanja wa mpira. Yana moto uliochorwa kwa rangi. Aliponiona na yangu akaniita Profesa Tope mbele ya darasa zima. Akasema hakuna anayepanga foleni kutazama tope, watu wanalo mlangoni kila mvua ikinyesha, bure vilevile. Darasa likacheka. Jibu zuri mno lilinijia nikiwa ninavua viatu nyumbani.

Lakini nimemzidi akili! Nimejiuliza: ni nani husoma matangazo? Anayesubiri. Na watu husubiri wapi kuliko popote? Zahanati! Mabenchi marefu, na ukutani kuna picha moja tu ya mbu, ambayo wote wamekwisha kuikariri. Nimebandika matatu, moja hasa kwenye mlango wa chumba ambamo nesi anawapimia watu.

Mzee mmoja alilisoma lote, kidole kikifuata herufi. Akaniuliza kwa upole kama kweli ni bure. Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo. Akasema Mungu akuweke, mjukuu wangu, tumeteseka sana.

Sikujua wazee wanaiwazia hivi jiolojia.

Jumapili, 9 Machi

Mpango wa pili, mtego wa gesi ndani ya chupa, umekubali! Ni chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana. Chini nimeweka tope nililolichanganya na hamira, sukari na maji ya uvuguvugu. Hilo ni tope mama, ndilo linalozaa gesi. Juu yake mchanga, wa kuipokea. Juu ya mchanga udongo laini wa mfinyanzi, nimeufinyanga kama bakuli lililofudikizwa, wa kuifungia. Baada ya muda gesi ikaanza kupanda ndani ya mchanga, kidogokidogo. Ikafika chini ya bakuli. Ikasimama! Unaiona kupitia kioo, imekaa pale kimya kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia.

Jana lakini nilikosea. Nilichelewa kufunika, hamira ikawa imekwisha kufanya kazi yake. Kila kitu kilikuwepo, tope, mchanga, kifuniko kizuri kabisa, na chini yake hakuna kitu. Gesi ilikuwa imepita. Kitabu kinasema hivyo hivyo: mtego sharti uwepo kabla ya gesi kupita. Nimekaa nikaitazama ile chupa ya jana, isiyo na gesi, kwa heshima kuliko hata iliyofanikiwa. Ni gesi ngapi duniani zimepita mahali kabla mlango haujafungwa? Hakuna atakayejua.

Bibi ana furaha isiyo ya kawaida. Amewaambia rafiki zake wote kwamba nimepewa meza. Rafiki mmoja ametuma kuuliza kama waje wamekula au hawajala. Nimeguswa. Nikamwambia bibi wale tu, sayansi haiharibiki.

Jumatano, 12 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi ulipofunguliwa, wa kwanza kuingia walikuwa wazee. Kisha wazee wengine. Kina bibi wawili wawili, wameshikana mikono, na vitambaa vyao vizuri. Wote wakaja kwangu! Foleni ikatoka mezani, ikapita mbele ya volkano, ikatoka nje mlangoni. Mlipuko alisimama na chupa yake ya siki, mdomo wazi.

Wa kwanza alikuwa yule mzee wa zahanati. Akakunja mkono wa shati, akaninyooshea mkono. Nikaupokea, nikamwamkia. Akaitikia, lakini mkono hakuuondoa. Wa pili naye akakunja shati. Nikasema moyoni, watu wa adabu hawa. Wa tatu akafungua mkoba, akanipangia mezani dawa zake, na kuniuliza kati ya hizi ni ipi inayompa kizunguzungu.

Hapo nikaelewa. Presha! Gesi! Lo! Baridi ilinishuka kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu.

Nilitaka kuwaambia ukweli. Kwa nguvu zangu zote nikanong'ona kwamba presha hii ni ya ardhini. Yule mzee akageuka, akamwambia wa nyuma yake: anasema ni ya ardhini. Huyo akamwambia wa nyuma yake. Kufika mlangoni nikasikia bibi mmoja akitangaza kwamba daktari amesema tukae ardhini. Wakakaa! Foleni nzima, polepole, wakishikana mabega na kulalamikia magoti. Na macho yote yale yakinitazama mimi.

Hapakuwa na karatasi ya kuigeukia. Nikaigeukia chupa. Nikaanza kuiambia chupa habari ya tope.

Sijui ni saa ngapi sauti ilikuja. Niliwaambia jinsi lilivyozikwa haraka bila nafasi ya kupumua. Jinsi maji yalivyonaswa ndani. Jinsi kila kizazi cha mchanga kilivyokuja kikakaa juu yake, na maji yale hayakuwa na pa kukimbilia, yakabeba tu. Mama mmoja mnene wa mstari wa mbele akauliza: yanabeba tangu wakati huo, hayajapokewa na mtu? Nikasema hayajapokewa. Akasema maskini weee. Wengine wakaguna. Hakuna aliyekohoa.

Nikachukua sindano ya kufumia ya mama. Nikawaambia huu ni ufa, hivi ndivyo ardhi inavyopasuka. Nikaudunga udongo. Gesi ikapanda ndani ya maji niliyoyaweka juu, punje moja, punje nyingine, kama shanga zinazotungwa na mtu asiyeonekana. Ukumbi mzima ukasema aaa. Yule mzee akasema kwa uchungu, laiti yake ingetoka kwa adabu namna hiyo. Bibi yangu akamjibu kutoka katikati kwamba yake tunaijua, haihitaji chupa. Wakacheka mpaka wengine wakalaliana.

Nyuma kabisa alikuwa amesimama mwanamke mwenye mabuti yaliyojaa tope. Mwanajiolojia! Akauliza, bila kutabasamu, ikiwa gesi ipo, mchanga upo na kifuniko kipo, kwa nini visima vingine hutoka vitupu? Nikajibu. Mimi! Nikasema ni wakati. Gesi ilipita kabla mlango haujafungwa. Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Kichwa hicho sitakisahau.

Ndipo nesi alipoingia. Mkononi tangazo langu, limechanwa pembe. Alikuwa akiuliza kwa sauti ya anayekamata mwizi, ni nani huyo anayetibu presha bila kibali. Kisha akaona waliokaa sakafuni. Akawatambua. Kumbe nusu yao wanamkwepa, miezi sasa, wanafika mpaka benchi halafu wanapotea. Uso wake ukabadilika. Akaisogeza volkano pembeni, akaweka kipimo chake juu ya meza ya Mlipuko, akasema kwa kuwa mmejileta wenyewe, hatoki mtu humu.

Foleni yangu ikasimama. Ikajikung'uta. Ikageuka. Ikahamia kwake yote, bibi yangu akiwemo, kama gesi iliyopata ufa.

Na dakika hiyohiyo mwalimu mkuu akaingia kutazama foleni.

Sheria ni sheria, alisema. Yenye foleni ndefu ni meza ya nesi. Mwanajiolojia akamwambia lakini umesikia mtoto huyu alivyojibu? Akasema hakusikia, na akianza kusikia hili na lile, wazazi watarudi kushikana mashati. Nesi angeweza kukataa. Hakukataa! Alisema tangu aajiriwe hajawahi kupelekwa mahali.

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya gari lile lenye nafasi moja. Mwanajiolojia akanikuta. Hakunipa pole. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa kwenye sanduku kipande cha mwamba wa kijivu, cha mviringo, kinene kama kifundo cha mkono. Akakiweka juu ya viganja vyangu. Akasema: mdogo wangu, kilomita nne.

Kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia. Punje za mchanga zilihesabika. Katikati palikuwa na mstari mwembamba uliopinda, juu yake mwingine, na mwingine. Nikauliza ni nini. Akasema ni mawimbi. Maji yalipita hapo siku moja, mchanga ukajikunja, ukafunikwa kabla ya wimbi jingine kuufuta.

Siku moja. Kabla siku hazijawa na majina. Na alama yake imo mkononi mwangu, imebanwa na dunia nzima na haikufutika.

Sikumbuki kukirudisha. Nadhani alilazimika kunifungua vidole kimoja kimoja.

Alhamisi, 13 Machi

Adhabu: kubandua matangazo yote. Nimebandua. Gundi ya mjomba ni ya kweli, moja limeondoka na rangi ya ukuta.

Nesi amekuta presha ya bibi iko juu sana, amempiga marufuku chumvi. Bibi ameonja mchuzi wa mchana, akaweka kijiko chini, akatangaza kwamba mke mwenzie, yaani mimi, ameamua kumwondoa ili abaki peke yake na nyumba. Hajanisemesha tena. Lakini dawa amemeza, mama amemwona.

Mlipuko amenipita koridoni. Ameniita Daktari. Tumepanda cheo.

Jumamosi, 15 Machi

Nesi amerudi kutoka kisimani! Nilimvizia kwenye ngazi za zahanati. Nikamwomba anieleze kila kitu. Akasema ni tope na kelele. Wali ulikuwa mzuri. Aliwapima mafundi wote, watatu wana presha, na ya msimamizi ndiyo mbaya zaidi.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema hata wewe ungekuwa nayo, kutwa nzima wanakodolea macho mshale wa kipimo. Wanaogopa pale msumari wa kuchimbia utakapotoboa penye presha. Hapo hulisukuma tope zito shimoni, kulijaza hadi chini, ili uzito wake uizuie gesi isiruke juu na kuwaua. Alisema hayo huku akitafuta ufunguo kwenye mkoba, kama anayesema habari ya maziwa kuchemka.

Nilikaa palepale kwenye ngazi. Tope! Tope ndilo lililoizaa, tope likaifungia, na baada ya miaka yote hiyo binadamu wamekuja na mitambo yao, wakatafuta duniani kitu cha kuizuia, wakarudi kwa tope. Watu walinipita wakiingia na kutoka. Mmoja aliniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nafasi nyingine! Mwanajiolojia ameiandikia shule. Atapita tena mwisho wa mwezi ujao, na angependa kukuta mkusanyiko wa mawe ya eneo letu. Atakayekusanya mengi na ya aina nyingi zaidi atakwenda naye kisimani.

Safari hii sitakosea. Nimejifunza. Kosa lilikuwa neno presha, na kwenye tangazo jipya sijalitumia hata mara moja. Wala gesi. Nimelisoma herufi kwa herufi:

UNA MAWE? Usikae nayo kimya! Makubwa au madogo kama punje, tuletee. Tutayatazama na kukueleza yametokana na nini. Jumamosi, ukumbi wa shule. Kiingilio bure.

Mjomba alipolisoma ilibidi aegemee mashine ya kuchapa. Mabega yakimtikisika. Nikamwuliza kuna nini, akasema hakuna kitu mpwa wangu, mavumbi tu, akachapa mara mbili ya niliyoomba. Ana moyo mzuri sana.

Nimeyabandika zahanati, maana wasomaji wa pale ni makini. Sijamaliza gundi, baba mmoja akasogea amejishika ubavu. Akauliza kwa sauti ya chini kama ni sawa ikiwa ya kwake bado yamo ndani. Nikamwambia yote huanza yakiwa ndani, hilo ndilo linaloyafanya yawe ya ajabu. Asiyaharakishe. Ayachimbe mwenyewe nyumbani taratibu, kwa nyundo ndogo, na asipokuwa na nyundo hata kijiko kitatosha.

Akaukumbatia ubavu kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga. Mwenye haya kama mimi. Nina imani atakuja.